KIJANA, UGONJWA WA ZINAA UNAPENDA GIZA

Somo kwa vijana wa kiume na wa kike
Soma katika Biblia: Mithali 28:13, Luka 17:11-19, 1 Wakorintho 6:18-20



Umepewa karatasi hii mkononi, pengine stendi, pengine sokoni, pengine hapa hapa uwanjani kwenye mkutano wa Injili. Usiitupe, na usiifungie maandazi. Hata kama hujawahi kukanyaga kanisani, isome mpaka mwisho. Haikuandikwa ili kukutukana wala kukucheka. Imeandikwa kwa sababu Mungu anakupenda, na kwa sababu kuna adui anayetembea katikati ya vijana bila kupiga hodi.

Adui huyo ni magonjwa ya zinaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kila siku inayopita, watu zaidi ya milioni 1 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaambukizwa ugonjwa wa zinaa ambao una dawa ya kuuponya. Kila siku! Mwaka 2020 peke yake, magonjwa manne tu, yaani kisonono, kaswende, klamidia na trikomonasi, yaliambukiza mara milioni 374. Na hapo UKIMWI hatujauhesabu.

Sasa jiulize. Kama haya manne yana dawa, na dawa zipo, mbona yanazidi kuenea? Jibu ni neno moja tu: KIFICHO. Ugonjwa unajificha ndani ya mwili. Halafu mwenye ugonjwa naye anajificha kwa sababu ya aibu. Vificho viwili vikikutana, kifo kimepata nyumba. Hilo ndilo somo letu.

1. UGONJWA UNAINGIAJE?

Magonjwa ya zinaa hayaji na upepo. Yana njia zake, nazo ni hizi:

(a) Kujamiiana. Hii ndiyo njia kubwa. Vijidudu vinakaa katika majimaji ya sehemu za siri, katika mbegu za kiume, katika usaha na katika vidonda. Vinapita kwa njia ya kawaida, vinapita kwa njia ya haja kubwa, na vingi vinapita hata kwa mdomo. Wapo vijana wanadanganyana kwamba wakifanya kwa nyuma hakuna shida, maana bikira inabaki. Ndugu yangu, kijidudu hakijui bikira. Tena njia ya haja kubwa ndiyo ya hatari zaidi kwa virusi vya UKIMWI (VVU), kwa sababu ngozi ya ndani huko ni laini na inachanika upesi.

(b) Ngozi kugusana na ngozi. Malengelenge ya sehemu za siri, vinyama vinavyoitwa masundosundo, na kidonda cha kaswende vinaambukiza kwa kugusana tu sehemu hizo, hata kama tendo halikukamilika.

(c) Damu. VVU na homa ya ini aina ya B vinapita kwa damu. Kuchangia sindano za madawa ya kulevya, kuchangia wembe, kuchanjwa chale kwa kifaa kilichotumika kwa mwingine, hiyo yote ni milango.

(d) Mama kwa mtoto. VVU, kaswende na homa ya ini B vinaweza kumpata mtoto tumboni au wakati wa kuzaliwa. VVU vinapita pia katika maziwa ya mama. Kisonono kinaingia kwenye macho ya mtoto anapozaliwa, na asipotibiwa haraka anaweza kuwa kipofu. Mtoto hakuzini, lakini anabeba mzigo.

Na sasa sikia njia ambazo SIZO. VVU havipatikani kwa kushikana mikono, kula sahani moja, kulala chumba kimoja, kukoholeana wala kuumwa na mbu. Kwa hiyo usimkimbie mgonjwa. Na lile jibu la "nimepata chooni", wengi wamelitumia kumdanganya mke au mume. Kijidudu cha kisonono kikitoka mwilini kikakauka, kinakufa upesi. Hakikai chooni kukusubiri wewe.

Lakini angalia na hili, maana ndoa zimevunjika bure. Si kila muwasho ni zinaa. Fangasi za ukeni zinaweza kumpata hata binti ambaye hajawahi kumjua mwanamume, na maumivu ya kukojoa yanaweza kuwa U.T.I. ya kawaida. Usimpige mkeo wala usimfukuze kwa kukisia. Nendeni mkapime.

2. UGONJWA UNAJIFICHAJE?

Vijana wengi wanapima kwa macho. Mtu anakwambia, "Yule dada ni mnene, ana afya, hawezi kuwa nao." Au binti anasema, "Huyu kaka ana gari, ananukia vizuri, anaoga mara tatu." Ndugu zangu, vijidudu haviogopi sabuni. Angalia ugonjwa mmoja mmoja:

KISONONO. Kwa mwanamume mara nyingi kinajitokeza siku 2 hadi 7 baada ya tendo. Anakojoa kama anakojoa pilipili, na usaha unatoka. Kwa mwanamke mara nyingi hakuna dalili yoyote. Anatembea, anacheka, anauza nyanya zake sokoni, kumbe vijidudu vinapanda taratibu mpaka kwenye mirija ya uzazi na kuiziba. Miaka inapita, ameolewa, hapati mtoto, wanaanza kumsingizia bibi wa watu kwamba ni mchawi. Mwanaume naye korodani zinaweza kuvimba na akakosa uzazi.

KLAMIDIA. Huyu ni ndugu yake kisonono, ila ni mkimya zaidi. Walio wengi, wa kiume na wa kike, hawaoni dalili kabisa. Madhara yake kwenye kizazi ni yale yale.

KASWENDE. Huyu ni mjanja sana. Baada ya wiki kama 3 kinatokea kidonda kimoja ambacho HAKIUMI. Kinaweza kukaa ndani ya uke au mdomoni, usikione. Baada ya wiki chache kinapona chenyewe bila dawa. Mtu anafurahi, anasema nimepona. Hapana, kimezama! Baadaye unatokea upele, hata kwenye viganja na nyayo, nao unaondoka wenyewe. Halafu kimya. Kinaweza kukaa kimya miaka mingi, ndipo kinapiga moyo, ubongo na macho. Na mama mjamzito mwenye kaswende anaweza kuharibikiwa mimba au kuzaa mtoto amekufa. Jambo la kusikitisha ni kwamba kaswende inapimwa kwa tone la damu na inatibika kwa sindano ya penisilini, dawa ya miaka mingi.

PANGUSA. Huyu vidonda vyake vinauma sana, na mitoki inavimba. Afadhali maumivu yake yanampeleka mtu zahanati.

TRIKOMONASI. Huleta uchafu wenye harufu na muwasho kwa mwanamke. Mwanamume mara nyingi haoni kitu, basi mke anatibiwa, mume anamrudishia tena.

MALENGELENGE. Vipele vya maji vinapasuka vinakuwa vidonda, vinapona, vinarudi tena. Hakuna dawa ya kuviondoa moja kwa moja, ila zipo za kupunguza makali. Anaweza kumwambukiza mwenzake hata siku ambayo haoni kipele.

VIRUSI VYA PAPILOMA (HPV). Aina nyingine zinaleta masundosundo. Aina nyingine hazileti dalili yoyote. Mara nyingi mwili wenyewe unavishinda, lakini vikikaa miaka mingi vinageuka saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2022 saratani hiyo iliua wanawake wapatao 350,000 duniani. Mwanamke anaugua akiwa na miaka 40 au 45, ana watoto wa kulea, kwa kirusi alichokipata akiwa msichana.

VVU. Mtu anaweza kukaa navyo miaka 8, hata 10, ananawiri. Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Watu waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zinapendwa wakati ule, na wengine wakasema ni uchawi. Wakati watu wanamtafuta mchawi, virusi vilikuwa vimeshaingia nyumba nyingi. Wazee walizika watoto wao, wajukuu wakabaki na bibi. Ndivyo giza linavyofanya kazi.

Sasa fanya hesabu ndogo. Wewe umelala na mmoja tu. Yeye kabla yako alikuwa na watatu. Kila mmoja wa hao watatu alikuwa na watatu wengine, hao ni 9. Na hao 9 kila mmoja watatu, hao ni 27. Hujawaona, huwajui majina, lakini walichonacho kinaweza kukufikia kitandani kwako usiku ule mmoja.

3. AIBU INAVYOMSAIDIA ADUI

Chukua mfano wa kijana mmoja dereva wa bodaboda. Ijumaa amekutana na binti kwenye kigodoro. Jumanne anakojoa moto. Anafanya nini? Haendi zahanati, kwa sababu nesi ni jirani yao. Anamuuliza mwenzake kijiweni. Mwenzake anamwambia, "Nenda duka la dawa, nunua vile vya rangi mbili." Ananunua vya siku mbili maana hela ni ndogo. Usaha unapungua, anaacha. Yule binti hamwambii chochote. Mchumba wake wa nyumbani hamwambii chochote. Baada ya mwezi mchumba ana mimba na ana ugonjwa, wala hajui.

Hesabu makosa hapo. Kwanza, dawa nusu haiui vijidudu, inavifundisha kupigana. Ndiyo maana leo dawa nyingi za zamani za kisonono hazifanyi kazi tena, na WHO inaonya dunia nzima juu ya jambo hilo. Pili, hakupimwa. Kisonono na klamidia mara nyingi vinakuja pamoja, akatibu kimoja akabakiza kingine, na kaswende wala VVU hakuvijua. Tatu, hakumwambia mwenzake. Kujitibu peke yako ni kama kupiga deki huku bomba linavuja.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Kidonda au usaha sehemu za siri ni mlango uliobaki wazi kwa VVU. Hapa kwetu Kanda ya Ziwa jambo hili lilichunguzwa. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika mkoa wa Mwanza, watafiti walichukua jamii 12 za vijijini. Katika jamii 6 waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya, nyingine 6 zikasubiri. Baada ya miaka miwili, zile zilizopata matibabu mazuri zilikuwa na maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa karibu asilimia 40. Tafiti zilizofanyika Uganda baada ya hapo hazikuona upungufu mkubwa namna hiyo. Lakini ukweli wa mlango ulio wazi umebaki pale pale: mwenye malengelenge, kwa mfano, hatari yake ya kupata VVU ni kama mara 3 ya asiye nayo.

Kwa hiyo anayeficha kisonono leo anaweza kuwa anafungua mlango wa UKIMWI kesho.

Biblia inasema nini juu ya kuficha? Soma Mithali 28:13. Inafundisha kwamba anayefunika makosa yake hataona mafanikio, bali anayeyasema na kuyaacha ndiye anayehurumiwa. Daudi naye katika Zaburi ya 32 anaeleza jinsi alivyonyamaza na dhambi yake mpaka mifupa ikachakaa. Alipofungua kinywa, akapumua. Kumbe dhambi na ugonjwa vina tabia moja. Vyote vinakua gizani, vyote vinaanza kushindwa siku vinapoletwa kwenye mwanga.

4. JE, NIKIOMBEWA SIHITAJI HOSPITALI?

Swali hili linaulizwa sana kwenye mikutano, na ni lazima nilijibu bila kuzunguka.

Mimi naamini Yesu anaponya. Ni yeye yule jana, leo na hata milele. Lakini nenda Luka 17. Wakoma kumi walimlilia Yesu, naye akawaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini makuhani? Kwa sababu kwa sheria ya wakati ule kuhani ndiye aliyekuwa anakagua ngozi na kusema huyu ni mzima au bado. Yesu hakuogopa uponyaji wake kukaguliwa! Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo. Na Msamaria mwema hakumwombea tu yule majeruhi, alimfunga vidonda akamtia mafuta na divai. Hata mfalme Hezekia, baada ya Mungu kuahidi kumponya, aliwekewa dawa ya tini kwenye jipu (Isaya 38:21).

Kwa hiyo umeombewa? Amina. Nenda kapime. Unatumia dawa za ARV? ENDELEA KUZITUMIA. Usiache hata siku moja kwa sababu mtu amekutabiria, hata kama mtu huyo ameshika Biblia. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wapo walioacha ARV baada ya kunywa, na virusi vikaamka vikiwa na nguvu. Usirudie hayo.

Leo anayetumia ARV kila siku kama alivyoelekezwa anaweza kuishi miaka mingi, akafanya kazi, akaoa au kuolewa, akazaa mtoto asiye na VVU. Tena wataalamu wamethibitisha kwamba virusi vikishuka mpaka kipimo hakivioni, na vikabaki hivyo, mtu huyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Dawa hizo Tanzania zinatolewa bure tangu mwaka 2004. Huo nao ni mkono wa Mungu.

Na ninyi mliookoka mnaosoma hapa, sikieni. Majibu ya mtu ni siri yake. Pasta hana ruhusa ya kuyatangaza madhabahuni, wala mzee wa kanisa kuyapeleka nyumbani kwa mkewe yakawe mazungumzo. Tukimwaibisha aliyesema ukweli, tumewafundisha wengine kumi kuficha.

5. NJIA ZA KUJIKINGA

Moja: Subiri. Anayesubiri mpaka ndoa amefunga mlango mkubwa kuliko yote. Watakucheka, watakuita mshamba. Yusufu naye alikuwa kijana mwenye damu inayochemka, lakini alipokamatwa nguo aliacha nguo akakimbia (Mwanzo 39). Kukimbia si woga. Usikae na mtu chumbani mmefunga mlango halafu uombe Mungu akupe ushindi.

Mbili: Pimeni kabla ya ndoa, wote wawili. VVU, kaswende na homa ya ini B. Kama mmoja wenu amewahi kuwa na mtu mwingine, mwambieni mhudumu awapime na mengine. Ukimaliza kupima, mwaminifu mmoja kwa mwaminifu mmoja mpaka kifo. Na kumbuka, kipimo cha VVU kinaweza kisione maambukizi mapya, kwa hiyo rudia baada ya miezi 3. Kwa sheria ya Tanzania, tangu mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila kusubiri ruhusa ya mzazi.

Tatu: Ukiona dalili, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sema ukweli wote. Maliza dawa zote. Mlete mwenzako naye atibiwe. Msikutane kimwili mpaka mtoa huduma awaambie mko tayari. Hata kama huoni dalili, lakini umewahi kutembea na mtu, kapime.

Nne: Chanjo. Ipo chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 binti wa miaka 9 hadi 14 anapata dozi moja tu. Haileti ugumba, hayo ni maneno ya mtaani. Kama una mdogo wako wa kike, mkumbushe mama ampeleke. Homa ya ini B nayo ina chanjo yake. Na akina mama, ulizeni hospitali kipimo cha mlango wa kizazi. Kikigundua mapema, inatibika.

Tano: Tohara ya hospitali. Tafiti za Afrika Kusini, Kenya na Uganda zilizotoa majibu kati ya 2005 na 2007 zilionyesha inampunguzia mwanamume hatari ya kupata VVU kutoka kwa mwanamke kwa kama asilimia 60. Inapunguza, haimalizi. Usitahiriwe leo ukajiona una bima.

Sita: Mjamzito, wahi kliniki mapema, tena na baba mtoto. Kaswende ikijulikana mapema mtoto anaokolewa. VVU vikijulikana, dawa zinamkinga mtoto.

Saba: Jihadhari na pombe, madawa na zawadi. Binti, mtu mzima anayekupa lifti, chipsi na simu hakupi bure. Kijana wa kiume, jimama linalokulipia kodi nalo lina hesabu zake. Chakula kimoja kisikugharimu maisha.

Nane: Kondomu. Wengine wanadhani mhubiri ataogopa kulitaja neno hili. Ukweli ni huu: kondomu ikitumika sawasawa na kila mara inazuia kwa kiasi kikubwa VVU, kisonono na klamidia. Kwa malengelenge, masundosundo na kaswende inapunguza, ila haifuniki ngozi yote. Kama uko kwenye ndoa na mwenzako ana maambukizi, fuateni ushauri wa daktari juu yake. Lakini wewe unayeitumia kama leseni ya kuzini, mpira hauoshi dhamiri. Mwili wako ulinunuliwa kwa thamani kubwa, nao umekusudiwa kuwa hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6).

NENO KWA ALIYEBAKWA. Dada yangu, kaka yangu, kama ulilazimishwa, hukuzini. Dhambi ni ya aliyekufanyia, kama ilivyokuwa kwa Tamari binti Daudi (2 Samweli 13). Kwake Tamari watu walinyamaza, wewe usinyamaze. Usioge, usifue nguo. Kimbia hospitali kabla ya saa 72 kupita, zipo dawa za kuzuia VVU zisishike, lakini baada ya hapo zinakuwa zimechelewa. Ukiwahi zaidi ni bora zaidi. Halafu polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Hata kama aliyefanya ni mjomba, mwalimu au mtumishi wa kanisa.

6. DAWA YA NDANI

Kijana, daktari anaweza kuua kisonono kwa sindano. Lakini kile kilichokupeleka kule gesti, sindano haikifikii. Unatibiwa mwezi huu, mwezi ujao umerudi tena. Unaapa, unavunja kiapo. Unachukia unachofanya, na bado unakifanya. Hiyo ndiyo Biblia inaiita utumwa wa dhambi.

Kumbuka yule mwanamke wa Samaria, Yohana sura ya 4. Alikuwa amepitia waume watano, na aliyekuwa naye hakuwa wake. Alikwenda kisimani saa sita mchana, jua kali. Yesu alimweleza maisha yake yote, na hakumfukuza. Yule mama aliacha mtungi akakimbia mjini kusema mbele ya watu kwamba kuna mtu amemwambia yote aliyoyafanya. Angalia! Jambo lililokuwa aibu yake likawa ushuhuda wake. Mwanga haukumuua, ulimweka huru.

Yesu yule yule yuko hapa. Hakusubiri usafike kwanza. Alikufa msalabani kwa ajili yako ukiwa mchafu hivyo hivyo, akafufuka siku ya tatu, na leo anaokoa. Njoo ulivyo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja njia nne ambazo magonjwa ya zinaa yanaambukiza.
2. Kwa nini kidonda cha kaswende kikipona chenyewe si dalili ya kupona?
3. Kuna ubaya gani kujitibu bila mwenzako?
4. Yesu aliwatuma wakoma kumi kwa nani, na hilo linatufundisha nini kuhusu kupima?
5. Kuna jambo gani unalificha leo, na utamwambia nani wiki hii?

SALA YA TOBA

Kama unataka kuokoka, tafuta mahali palipotulia, sema maneno haya kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, nimechoka kujificha. Unajua mahali nilipopita na watu niliokuwa nao. Nimekukosea, na nimeukosea mwili wangu. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Nioshe kwa damu yako. Nipe moyo mpya, na nguvu ya kusema hapana. Nipe ujasiri wa kwenda kupima, na ujasiri wa kupokea majibu yoyote, maana najua hutaniacha. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Umeomba? Basi umezaliwa mara ya pili, mbingu inafurahi! Sasa fanya mambo matatu kabla Jumapili haijafika. Kwanza, nenda kituo cha afya ukapime, na kama kuna mtu anayepaswa kujua, mwambie. Pili, tafuta kanisa linalohubiri wokovu, umwone mchungaji, akuombee na kukufundisha Neno. Tatu, karatasi hii usiiweke kabatini. Mpe rafiki yako. Pengine naye ana jambo amelifunika, na anasubiri mtu wa kumwambia kwamba kuna njia ya kutoka.

Mungu akubariki, tuonane mkutanoni.